Antena Yenye Usingizi

Kwanza niliulaumu mlima.
Kadutu, nikasema, umejikunja vibaya,
mabati juu ya mabati, udongo juu ya udongo,
mawimbi yapite wapi?
Kisha nikailaumu mvua.
Kisha Cubaka, jirani, mwenye kutazama mpira
kwa mtandao ambao nusu yake nalipa mimi.
Kisha kompyuta yenyewe, maskini,
iliyokwisha kufa mara moja
ikafufuliwa na Akonkwa, mtoto wa dada yangu,
kwa mfumo huria, ule wa pengwini.
"Mama mudogo, hii haiombi franga wala ruhusa."
Kweli haiombi.
Ila hakuniambia kwamba inapenda kubembelezwa.

Antena ni ya dola sita,
ndogo kama ukucha wa dole gumba.
Kijana aliyeniuzia aliapa kwa jina la mama yake.
Kwenye pakiti wameandika mia tatu.
Mia tatu!
Mimi nilipata mbili. Siku za jua, tatu.

Na leo Mama Nsimire yuko kwenye benchi tangu saa nne,
mtoto mgongoni analia.
Hati za shamba la Walungu, kurasa kumi na moja,
zimfikie kaka yake Kalemie kabla ya saa tisa.
Asilimia kumi na tisa.
Asilimia kumi na tisa.
Ananitazama, haniulizi kitu.
Afadhali angeuliza.

Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka.
Kupuliza hakusaidii. Sote tunapuliza.

Nikafungua dirisha jeusi la maandishi.
*lsusb*: ipo, imeandikishwa,
ina jina la kiwanda nisiloweza kulitamka.
Dereva naye yupo.
Yupo, ameshika usukani,
gari halitembei.
Nikamwandikia Akonkwa aliyeko Kindu.
Jibu lake maneno matatu:
"Angalia kama imelala."

Imelala?

Nikaiuliza kwa lugha yake: unabana umeme?
Ikajibu bila haya: ndiyo.

Ndiyo!
Kila punje ya sekunde inafumba macho,
iokoe umeme usiotosha hata kimulimuli,
hapa Bukavu, ambapo Ruzizi inazungusha mitambo
huko chini tukiisikia,
na umeme huja upendavyo, huondoka bila kuaga,
nami napiga pasi usiku wa manane kwa kuviziana nao.
Kumbe katika nyumba hii
mwenye kubana matumizi kwa hiari yake
ni huyu wa dola sita.

*sudo iw dev wlan0 set power_save off*

Amka, wewe.

Thelathini. Hamsini na mbili.
Sitini, ikasimama.

Basi nikakumbuka tundu la buluu,
pale nilipoichomeka, ubavuni mwa diski ya nje.
Tundu la mbio lina kelele,
kelele isiyofika sikioni,
lakini antena inaisikia,
kama mtu anayenong'onezwa siri karibu na kinu cha mahindi.
Nikahitaji waya wa kurefushia, kuisogeza mbali.
Nani anao? Cubaka.
Nikabisha hodi. Alikuwa anafua nguo za watoto,
televisheni imeharibika tangu mwezi uliopita.
Akanipa waya, hakutaka kitu.
Sikumwambia niliyoyasema.

Tundu jeusi, waya mrefu,
antena ikaning'inia kwenye msumari wa kalenda
ikichungulia dirishani.
Saa tisa kasoro dakika kumi: imefika.
Mia tatu sijaiona mpaka leo.
Ishirini na nane inanitosha.

Mama Nsimire akahesabu franga zake mara mbili.
"Ilikuwa na ugonjwa gani?"
"Usingizi."
Akampiga mtoto mgongoni taratibu.
"Ungenigawia kidogo," akasema.
"Huyu hajalala tangu siku ya Mungu."

Kesho nikiwasha, mashine itakuwa imesahau,
antena italala tena.
Nimeiandika ile amri ukutani, kwa bic,
chini ya bei ya fotokopi.